Hatamu na Kichwa cha Farasi

(Hotuba ya mwanachama mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Waliotangulia kusema ni daktari, hakimu na mhandisi. Mimi ni fundi wa ngozi. Nashona matandiko na hatamu za farasi katika nyanda za magharibi ya Kilimanjaro, ambako wageni hupanda farasi kwenda kutazama wanyama wa porini. Kazi hii ina hesabu zake, na fundi akizikosea, anayeumia ni yule asiyeweza kusema.

Hatamu ni kanda chache tu. Ukanda wa kisogo hupita nyuma ya masikio, na wa paji huuzuia usirudi nyuma. Kanda mbili za mashavu hushika lijamu kinywani. Ukanda wa pua huzunguka pua, na wa koo huzuia hatamu isichomoke. Viwandani hushonwa kwa saizi tatu: ya farasi mdogo, ya kati, na ya farasi mkubwa. Taabu ni kwamba Mungu hakuumba vichwa kwa saizi tatu.

Mwaka mmoja niliitwa kumtazama farasi jike mdogo mwenye damu ya Kiarabu. Alitikisa kichwa kila akipandwa, alikataa kuvikwa hatamu, na mara mbili alikwisha kumwangusha mpandaji. Mwenyewe alikwisha kumwita mkaidi, na mnunuzi alikwisha kupatikana. Nilipewa siku tatu.

Nilianza na futi kamba. Paji lake lilikuwa pana kama la farasi mkubwa, uso wake mfupi, mdomo mwembamba. Hatamu ya farasi mdogo ilimtosha mashavuni, lakini ukanda wa paji ulikuwa mfupi, ukauvuta ule wa kisogo mpaka ukambana mashina ya masikio. Ya saizi ya kati iliyaacha masikio huru, lakini lijamu lilining'inia likagonga meno, na ukanda wa pua ukashuka hadi kwenye nyama laini karibu na matundu ya pua. Nanyi mnaosoma bayolojia mjue kwamba farasi hapumui kwa mdomo. Njia yake ni pua tu.

Dawa ilikuwa kuchanganya. Nilichukua ukanda wa paji wa farasi mkubwa na kanda za mashavu za farasi mdogo, kisha nikakata ukanda mpya wa kisogo. Vipimo vyenyewe ni hivi: ukanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, na vidole viwili vipite kati yake na mfupa wa pua, kooni vipite vidole vinne, lijamu lizidi upana wa mdomo kwa nusu sentimita kila upande.

Siku ya tatu alivikwa, akasimama kimya. Mnunuzi alirudi mikono mitupu, na farasi yule akabeba wageni miaka mingine tisa.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti juu ya farasi 750 wa mashindano huko Ireland, Uingereza na Ubelgiji. Kwa farasi 44 katika kila 100, hata kidole kimoja hakikuweza kupita chini ya ukanda wa pua. Walioachiwa nafasi ya vidole viwili walikuwa 7 tu katika kila 100. Na hao ni farasi wa watu wenye uwezo.

Vijana, wengi wenu huenda msiguse farasi maishani, lakini makwenu wako punda wanaovuta mikokoteni. Mkienda likizo, mtazameni punda wenu puani. Mkikuta kamba ya nailoni imekata ngozi, iondoeni, jeraha lisafishwe na liachwe lipone. Kisha mfungieni ukanda mpana, na vidole viwili vipite. Baada ya hapo, akikataa kwenda, ndipo tutakapojadiliana juu ya ukaidi wake.