Wakija Kuomba Damu: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kukubali

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kilelengwani)

 

 Leo hatuzungumzi juu ya mizinga ya nyuki wala mikopo ya mbuzi. Tunazungumza juu ya damu. Tunajua neno hili ni zito hapa. Mwaka 2012 damu ilimwagika katika kijiji hiki na katika vijiji jirani, na wapo waliobaki bila mzazi au bila mtoto. Damu ya leo ni ile inayotolewa kwa sindano na kutiwa katika kichupa. Lakini tukifika mbele mtaona kwamba mambo haya mawili hayako mbali sana.

Utafiti si tiba

Kwanza tutenganishe mambo. Ukienda zahanati una homa, ukatolewa damu kidogo kidoleni, damu ile inapimwa kwa ajili yako ili upewe dawa. Hiyo ni tiba. Mtafiti akija nyumbani akaomba damu yako, anatafuta elimu itakayowafaa watu wengi baadaye. Pengine wewe utapata faida, pengine hutapata. Huo ni utafiti. Sindano ni ile ile, na koti jeupe ni lile lile, kwa hiyo ni rahisi kuchanganya.

Hatusemi kwamba utafiti ni mbaya. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo watoto wa Kilifi, jirani zetu. Kenya ilianza kuitoa katika sehemu za magharibi mwaka 2019, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa nchi zenye malaria. Bila wazazi wale kukubali, tusingekuwa na chanjo hiyo. Nasi wa delta, wenye mbu na mafuriko, tuna haja ya elimu ya namna hiyo. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 ilifika katika Tana River yetu ikaua mifugo na watu. Wataalamu lazima waje. Jambo la kuuliza ni waje vipi, na sisi tuwapokee vipi.

Mambo ya Kilifi

Mjini Kilifi kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kinachofanya kazi pamoja na shirika la Wellcome Trust la Uingereza tangu mwaka 1989. Toka mwaka 2000 wameandikisha kaya za eneo kubwa kuzunguka hospitali, watu zaidi ya 250,000. Kazi nyingi zilihitaji damu, na maneno yakaanza. Wengine walinong'ona kwamba damu inauzwa. Wengine walisema ni mambo ya kishetani.

Mtu angeweza kusema, "Hao ni wajinga, wafundishwe tu." Lakini fikirini. Mgeni anakuja na gari, anaondoka na damu ya mtoto wako, harudi kukuambia alichokiona. Wewe ungesema nini? Uvumi huingia pale ambapo maelezo hayakutolewa.

Wataalamu wa maadili ya utafiti wa kituo hicho, kama Dkt. Vicki Marsh, Dkt. Sassy Molyneux na Dkt. Dorcas Kamuya, walikaa na watu wakawauliza na kuwasikiliza, wakaandika waliyoyasikia. Kituo kikaweka mtandao wa wawakilishi wa jamii, watu wa kawaida kutoka vijijini, wasio na mshahara wa kituo, wa kukutana na watafiti na kupeleka maneno huku na huku. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo lina ugumu wake. Mwakilishi akizoea kukaa na watafiti, kijiji huanza kumwona kama mtu wao. Akisema na kijiji, je, anasema kwa niaba ya nani?

Akufukuzaye hakuambii toka

Mwaka 2015 Dkt. Kamuya na wenzake walitoa maandishi ambayo kichwa chake kilitokana na methali tunayoijua sote: akufukuzaye hakuambii toka. Waliona kwamba watu wengi walioombwa kushiriki hawakusema "hapana." Walisema "ndiyo, karibuni," kisha siku ya kutolewa damu hawakuonekana. Mama amekwenda shamba. Mtoto amelala. Rudini wiki ijayo. Wengine walibaki ndani ya utafiti kwa sababu ya matibabu yake, lakini wakakwepa sehemu wasiyoipenda.

Kwa nini wasiseme wazi? Sisi tunajua. Mgeni hafukuzwi mlangoni. Na mara nyingi yule anayekuja kuuliza ni kijana wa hapa hapa, mtoto wa jirani aliyepata kazi. Ukimkataa umemvunja moyo yeye na mama yake. Tena unaogopa kwamba ukikataa, siku mtoto akiugua hutapokewa vizuri. Na katika nyumba, pengine mama amekubali lakini baba hajaulizwa, au bibi mkubwa hataki.

Jamani, haya si ya Kilifi tu. Ndiyo maana tunasema: mtu mwenye ridhaa ya kweli ni yule anayeweza kusema "hapana" na maisha yake yaendelee kama jana. Akiwa hawezi, ile "ndiyo" yake ni adabu tu.

Damu ya mmoja ina habari za wengi

Sasa tuje kwenye utafiti wa chembe za urithi, ambazo wengine huziita jeni. Hizi ndizo zinazomfanya mtoto afanane na babake pua na mamake macho. Chukueni mfano wa ugonjwa wa selimundu, ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu. Mtoto huugua mifupa, huishiwa damu, na asipotunzwa hufa mapema.

Kila mtoto hupokea fungu moja la urithi kwa baba na moja kwa mama. Akipokea selimundu kwa mzazi mmoja tu, huwa mbebaji, na kwa kawaida ni mzima kabisa. Tena kuna ajabu: mbebaji hukingwa sana na malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, mwaka 1949 aliona kwamba hali hii ni ya kawaida zaidi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria kuliko wa nyanda za juu, na mwaka 1954 akaeleza kwamba malaria ndiyo sababu. Lakini wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atapokea kwa wote wawili na kuugua.

Basi lazima fungu moja litoke kwa baba na moja kwa mama. Hata hivyo, wataalamu walipowauliza watu wa Kilifi habari za kupewa majibu kama haya, hofu kubwa iliyojitokeza ilikuwa juu ya akina mama: kwamba wao ndio watakaolaumiwa, na ndoa nyingine zitavunjika. Tena kipimo cha urithi kinaweza kufichua siri ya nyumba, kama vile baba wa mtoto ni nani. Wewe umetoa kichupa kimoja cha damu, lakini ndani yake mna habari za ndugu zako na wajukuu ambao hawajazaliwa. Nao hawakuulizwa.

Zaidi ya hapo, mna habari za kabila. Kule Marekani, jimbo la Arizona, watu wa kabila la Havasupai walitoa damu kuanzia mwaka 1990 ili kisukari kichunguzwe. Baadaye wakagundua kwamba damu ile ilitumiwa pia kuchunguza magonjwa ya akili, ndoa za jamaa, na asili ya kabila lao ilikotoka, mambo ambayo wao walisema hawakuyakubali. Walishitaki. Mwaka 2010 chuo kikuu kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao.

Hapa ndipo tunarudi kwenye neno la mwanzo. Delta hii ina Wapokomo, Waorma, Wawardei na wengine. Siku mtu akiandika kwamba damu ya kabila fulani ina ugonjwa fulani, au kwamba hawa walifika kabla ya wale, maneno hayo yatatumiwaje katika ugomvi wa ardhi na maji? Kwa hiyo watu wa pande zote waulizwe kabla, na wasikie matokeo kabla ya redio kuyatangaza.

Nani asema kwa niaba ya kijiji?

Chifu kutoa ruhusa ya kuingia kijijini ni sawa, ni heshima. Lakini chifu hawezi kutoa mkono wako. Vivyo hivyo kamati, padre, imamu, au mwenyekiti wa kikundi. Kamati ikichaguliwa, iwe na wafugaji, wakulima na wavuvi, wanawake na vijana. Kamati ya upande mmoja huleta utafiti wa upande mmoja na chuki ya pande zote.

Na ninyi vikundi, tahadhari. Mna nguvu kubwa: mnajua kukutana, kuandika kumbukumbu na kudai hesabu. Tumieni nguvu hiyo kuuliza. Msiitumie kumsukuma mwanachama. Kikundi kisipitishe kwamba "wote tumekubali," na asitozwe faini mama aliyekataa sindano.

Maswali ya kumwuliza mtafiti

1. Unatafuta nini, na kwa nini umekuja kwetu?
2. Una kibali cha kamati ya maadili na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu? Tuonyeshe.
3. Utachukua damu kiasi gani, mara ngapi? Tupimie kwa kijiko.
4. Damu itawekwa wapi, miaka mingapi? Itatoka nje ya nchi? Itatumiwa kwa kazi nyingine bila kuturudia?
5. Ukiona ugonjwa, utamwambia nani, na matibabu yatatoka wapi?
6. Nikikataa leo, au nikijitoa kesho, nitapoteza nini?
7. Utarudi lini kutueleza ulichokiona, kwa lugha yetu?

Kuuliza si utovu wa adabu. Katiba ya 2010 inalinda siri za mtu na familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya na za urithi kuwa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa pekee. Mtafiti mzuri hukaa chini akajibu. Asiyetaka kuulizwa, mwambieni kwa upole arudi akiwa na majibu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

– Mara ya mwisho mliposema "ndiyo" huku moyo ukisema "hapana," kilichowazuia ni nini?
– Katika nyumba zetu, nani huamua mtoto atolewe damu? Je, wote wanaohusika huulizwa?
– Tukitakiwa kuchagua wawakilishi watano wa Kilelengwani, tutahakikishaje kwamba hakuna jamii iliyoachwa nje?
– Mtoto akionekana ana selimundu, kikundi kitamsaidiaje mamake asilaumiwe?

Andikeni majibu katika daftari la kikundi, mje nalo tutakapokutana tena.