Tuhesabu Njia Zetu kwa Miguu Yetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na raia wa mji wa Lubumbashi)



Mmetuomba tuseme juu ya njia za miguu na bisi za mji wetu. Sisi ni makarani wa mgodi, kazi yetu ni kuhesabu. Jiwe likitoka shimoni linapimwa na kuandikwa. Lakini saa ambazo mfanyakazi anapoteza njiani, ni kitabu gani kinaziandika?

Tukumbuke asili. Mji ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, ukaitwa Elisabethville mpaka 1966. Wabelgiji waliugawa kwa rangi: wazungu katikati, watu weusi mbali, na kati yao pahali patupu pasipo nyumba. Walisema ni juu ya afya. Katika miaka ya 1950 mitaa ya Katuba na Ruashi ilijengwa, mbali zaidi. Sheria ile ilikufa, lakini umbali haukufa. Leo tuko zaidi ya watu milioni mbili, na asubuhi wengi bado wanakwenda upande ule ule kutafuta feza.

Tufanye hesabu. Mtu mzima anatembea kilometa 5 kwa muda wa saa 1. Akiishi kilometa 5 toka kazini, kwenda na kurudi ni saa 2. Kwa siku 6 ni saa 12, ni kusema siku moja na nusu ya kazi isiyolipwa. Akipanda bisi mbili kwenda na mbili kurudi, analipa mara 4 kwa siku. Hata akipata posho nzuri, sehemu inabaki mkononi mwa reseveri.

Basi, namna gani tupime njia zetu? Mambo ni manne.

La kwanza, watu. Simameni pahali pamoja dakika 15, mhesabu wapita kwa miguu, wenye kinga, wenye pikipiki na motokari. Zidisheni mara 4, mtapata hesabu ya saa moja. Fanyeni asubuhi na jioni.

La pili, upana. Watu wawili wanaopishana, mmoja na mzigo, wanahitaji karibu meta 1 na nusu. Pimeni kwa kamba. Andikeni kila mfereji usio na kifuniko. Mvua ikianza Novemba, mfereji na njia ni maji mamoja, na mtoto hajui ukingo uko wapi.

La tatu, hatari. Motokari ikigonga mtu kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, mara nyingi anapona. Kwa kilometa 50 hatari ya kufa inaongezeka sana. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku aligongwa barabarani pasipo taa. Shofere alisema hakumwona, na labda alisema kweli. Giza lile halikuandikwa popote mpaka siku ya kilio.

La ine, bisi. Andikeni saa mliyofika kungoja, saa mliyopanda, na feza mliyolipa. Angalieni kama kuna kivuli, na kama mama mwenye mimba au mzee anaweza kupanda bila kusukumwa.

Wengine watasema: fukuzeni kwanza wanawake wanaouza kando ya njia. Hapana. Wanauza pale kwa sababu ndipo watu wanapita. Wapewe pahali karibu, ndipo njia ibaki wazi. Na sisi wenyewe tuache kutupa takataka mferejini.

Kwa nini kazi hii yote? Kwa sababu mkubwa wa komini akisikia “njia ni mbaya,” anajibu “tutaona.” Lakini akipewa karatasi yenye pahali, saa, hesabu na upana, hana tena mlango wa kukimbilia. Kifuniko cha mfereji, taa moja, pahali pa kuvuka mbele ya masomo: hayo hayangoji feza ya barabara mpya.

Kila mtaa uchague watu wawili wanaojua kuandika na wawili wanaojua njia. Waanze kwenye mlango wa lupangu, waishie kwenye mlango wa kazi. Wakileta karatasi, sisi tutazijumlisha bila malipo.

Mkirudi nyumbani usiku huu, tembeeni pamoja.