DAWA YA KUKINGA UKIMWI NA ZAHANATI ZA WENYEJI WA AUSTRALIA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo sitasema juu ya mishahara. Nataka kusema juu ya afya, maana nguvu za mwili ndizo mali pekee ambayo mfanyakazi anampelekea tajiri.

Wengi mmesikia habari za dawa ya kukinga UKIMWI, iitwayo prep. Hii si dawa ya mgonjwa. Ni tembe ambayo mtu asiye na virusi humeza kila siku, ili virusi vikimwingia visipate mahali pa kukaa. Kati ya 2008 na 2011 ilijaribiwa kwa watu na wenzi wao wenye virusi, hapa kwetu Kisumu, Thika, Eldoret na Nairobi, na pia Uganda. Tembe yenye dawa mbili ilipunguza maambukizo kwa sehemu tatu katika kila nne. Basi dunia inatumia ushahidi uliotoka katika miili ya watu wetu.

Sasa tuangalie Australia. Serikali ya huko iliitia tembe hii katika orodha ya dawa inazosaidia kulipia tarehe 1 Aprili 2018. Lakini dawa kuandikwa katika orodha ni jambo moja, na kumfikia mtu ni jambo jingine. Mwaka 2016 kiwango cha maambukizo mapya kati ya wenyeji wa asili kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wengine waliozaliwa nchini humo. Tena tangu 2011 kaswende ilikuwa imeenea kati ya vijana wao wa kaskazini, na kidonda cha kaswende ni mlango wa virusi.

Watu hawa si wageni kwetu sisi wa vyama. Mwaka 1966 wachunga ng'ombe wa Gurindji, wakiongozwa na Mzee Vincent Lingiari, waligoma katika shamba la Wave Hill kwa ajili ya mishahara na ardhi yao, na vyama vya wafanyakazi viliwasaidia. Mwaka 1971 wenyeji wa Redfern, mjini Sydney, walichoka kudharauliwa hospitalini wakafungua zahanati yao wenyewe. Leo zahanati za namna hiyo zapita 140, na kila moja ina halmashauri iliyochaguliwa na watu wa mahali pale.

Humo ndimo dawa ya kinga inapofaa kutolewa. Mhudumu anajua lugha na aibu za watu wake. Anaweza kupima virusi na figo kabla ya kuanza, na kupima tena kila miezi mitatu, pamoja na kaswende na kisonono ambazo tembe hii haizuii. Lakini lipo tatizo: katika kijiji kidogo mhudumu huyo aweza kuwa shangazi yako. Siri ikivuja mara moja tu, watu hawarudi. Kwa hiyo siri ndiyo msingi wa kazi yote.

Ndugu zangu, Kenya ilianza kutoa dawa hii nchini kote Mei 2017, na fedha nyingi zilitoka Marekani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na sote tuliona jinsi kitu kilicho mkononi mwa mwingine kinavyoweza kuondolewa kwa barua moja.

Kwa hiyo naomba kila tawi lidai mambo matatu. Kwanza, zahanati za mashamba na viwanda ziwe na dawa hii, na halmashauri zake ziwe na wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi. Pili, daftari la wagonjwa lisifike kamwe katika ofisi ya tajiri. Tatu, asilazimishwe mtu kupimwa ili apate kazi. Sheria ya 2006 yakataza jambo hilo, nasi tuisimamie.

Wenyeji wa Redfern hawakungoja kuruhusiwa. Umoja ni nguvu.