Kikombe cha Ndizi Kina Gramu Ngapi?

Mapishi ya keki yanataka gramu 300 za ndizi, nawe jikoni una kikombe tu. Kikombe cha mililita 240 hubeba gramu 225 hivi za ndizi ya kuponda. Ukiikata vipande, ni kama 150 tu, maana hewa nayo imechukua nafasi. Kwa hiyo pima kikombe kimoja na theluthi cha kuponda, au viwili vya vipande. Nanasi la vipande? Gramu 165 hivi kwa kikombe.

Kwenye jemu ya plamsi za Mgeta usibahatishe: toa kokwa kwanza, kisha linganisha matunda na sukari kwa uzito. Na sado, lile kopo la kupimia sokoni, haipimi kilo, inapima ujazo.