Nipe Mji: Mkasa wa Kujitungia na Mkasa wa Kitabuni katika Kitendawili cha Unguja



Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akavaa uhusika wake, na msimamizi akawasimulia mahali walipo na yanayowafika; mengine huamuliwa na dadu. Mwanzoni ilitarajiwa kwamba msimamizi atajitungia mikasa mwenyewe. Kuanzia mwaka 1978 kampuni ya TSR, iliyouchapa mchezo huo, ikaanza kuuza vijitabu vya mikasa iliyokwisha kutungwa, ramani na majoka vyote vimo. Tangu hapo wachezaji hubishana: upi bora, mkasa wa nyumbani au wa dukani? Mwanafunzi wangu mmoja aliyesoma nchi za nje ndiye aliyenieleza habari hizi, nami nikamwambia kwamba ubishi huo kwetu upo, ila hatuna meza.

Uko katika kitendawili. Utaratibu wake mnaujua: mtegaji hutangaza, hadhira humwambia atege, na ikishindwa kutegua, yeye hudai mji. Vitabu vyetu vingi hupita hapo mbio, kana kwamba mji ni faini inayolipwa na risiti ikatolewa. Makunduchi, nilikorekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mambo hayakuwa hivyo. Mtegaji aliweza kuukataa mji. Akipewa Jambiani alisema ni jirani mno, hana haja nako. Akipewa Maskati alikubali. Kisha husafiri. Hueleza jahazi alilopanda, nyumba aliyofikia, alivyokirimiwa. Na wale walioshindwa kutegua huwachukua pamoja naye, huyu mpagazi, yule kaachwa bandarini analia. Hadhira haikunyamaza. Mtu alidakia kwamba msimu huo pepo za kwendea huko hazivumi, na mtegaji akalazimika kutia nanga mahali pengine. Jibu lilikuja mwisho kabisa, na mara nyingine watu walikuwa wamekwisha kulisahau.

Mimi nilikuwa nakusanya data ya tasnifu. Kanda zilikuwa adimu na betri ghali, kwa hiyo kila mtegaji alipoanza safari nilizima kinasa sauti. Jedwali langu lina safu mbili, fumbo na jibu. Kile cha nyumba isiyo na mlango kimo, na yai limo. Bibi aliyekwenda Maskati kwa kitendawili hicho hayumo, ingawa nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwake.

Isidhaniwe kwamba nalaumu uchapaji. Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja mjini London, mwaka 1870, alitia humo kisa cha punda wa dobi: kima aliye mgongoni mwa papa, katikati ya bahari, anabuni papo hapo kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kisa hicho kilikuwa kitabuni karne nyingi kabla ya kufika Unguja. Kimo katika Kalila wa Dimna, aliyoitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na asili yake ni Uhindi. Katika Kalila wa Dimna rafiki wa kima ni kobe. Pwani yetu, ambako papa si mgeni, kobe akageuka papa. Kilitoka kitabuni kikawa cha nyumbani, kisha kikarejea kitabuni. Safari kama hiyo haidhuru ngano.

Linalodhuru ni jingine, na hapa vijitabu vya TSR vina adabu kuliko jedwali langu. Kijitabu hueleza kilichomo chumbani. Hakisemi mchezaji atafanya nini akiingia, kwa kuwa hakiwezi kujua. Nafasi hiyo imeachwa wazi kwa makusudi. Mimi niliifuta, na watungaji wa vitabu vya shule wakafuta kama mimi, kwani mtihani huuliza jibu, na safari haina maksi.

Mwaka juzi niliwatega wanafunzi wa darasa la tano katika skuli moja ya kusini mwa Unguja. Nilitega tisa, vyote tisa wakavitegua kabla sijafunga kinywa. Nikatega cha kumi, nilichojitungia usiku uliotangulia. Kimya. Nikadai mji. Wakatazamana, kwani hakuna aliyewahi kufika hapo, mpaka msichana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, chukua Dubai.”

Nikaichukua. Nilikuwa na miaka arobaini ya ualimu wa fasihi simulizi, nimesimama mbele ya ubao, sina hata sentensi ya kuanzia, kwa sababu safari zote zilizosimuliwa mbele yangu nilizizima.

Yule msichana akangoja, kisha akanionea huruma. “Sema umepanda ndege,” akaniambia. “Halafu sisi tutakwambia nani kakaa karibu na wewe.”