Somo la Neno "Nakubali"

Leo tutasoma neno moja tu: na-ku-ba-li. Nakubali.

Neno hili hutokea katika simu unapoingiza programu mpya. Juu yake pana maandishi mengi, madogo. Wengi huyaruka, hubonyeza NAKUBALI, wakaendelea. Je, mtu huyo amekubali nini?

Mchuuzi wa dagaa hanunui gunia lililofungwa. Hulifungua, akatia mkono mpaka chini, aone kama ni dagaa tupu au wamechanganyika na mchanga. Ndipo hutoa fedha. Kukubali ni hivyo: kujua kwanza, kisha kusema ndiyo. Programu nayo ni gunia, hata ikiwa ya bure.

Tutazame mfano. Huko Marekani palikuwa na programu ya bure iliyoitwa Brightest Flashlight. Kazi yake ilikuwa kuifanya simu iwake kama tochi. Mamilioni ya watu waliiingiza. Desemba 2013, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilieleza kwamba programu hiyo ilipeleka habari za mahali alipo mwenye simu kwa watu wa matangazo ya biashara, bila kumwambia. Tena ilianza kuzipeleka hata kabla hajabonyeza neno la kukubali. Tochi ilikuwa tochi kweli, lakini ndani yake mlikuwa na jasusi.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za huko. Kampuni ilitumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine, ikawapelekea ujumbe na simu za vitisho. Fikiri: umekopa wewe, anatishwa shemeji yako asiyejua lolote. Basi, unapokubali ovyo, unawatoa na wenzako.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Inamtaka anayekusanya habari zako akueleze kwanza anazitakia nini. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sasa shikeni mambo matatu:

1. Kabla ya kuingiza programu, uliza: ni ya nani? Na kama hailipiwi, mwenyewe anapata wapi fedha?

2. Ikiomba ruhusa, linganisha ruhusa na kazi yake. Tochi haihitaji majina ya ndugu zako. Kataa.

3. Programu usiyoitumia, iondoe.

Maandishi yakiwa ya lugha usiyoijua, mwite anayeijua akusomee. Hiyo si aibu. Aibu ni ya aliyeyaficha maana.

ZOEZI: Fungua simu yako, au ya mwenzako akikuruhusu. Chagua programu moja. Andika sentensi tatu: inafanya kazi gani, imeomba ruhusa gani, na je, ruhusa hiyo inalingana na kazi yake? Mpelekee mwalimu wako asahihishe.