MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: MAISHA BAADA YA KUPONA SARATANI YA MITOKI

Ndugu watumishi wa Serikali na wananchi,



Kupona saratani ya mitoki si mwisho wa uangalizi. Mionzi ya shingoni au kifuani yaweza, hata baada ya miaka 10 au 20, kudhoofisha tezi ya shingo na kuudhuru moyo. Baadhi ya dawa za saratani nazo huudhuru moyo. Uchovu usioondoka kwa usingizi huwapata wengi, nao si uvivu.

Hivyo, aliyepona ahifadhi kumbukumbu za matibabu yake, amwoneshe kila daktari atakayemtibu, na aache tumbaku.

Wakuu wa Idara mnaombwa kuwapa watumishi hao ruhusa ya kuhudhuria kliniki. Aliyenusurika mauti asije akaangamia kwa kunyimwa ruhusa ya siku moja.